"Mbwa Wanakaribishwa": Somo kwa Wanaosafiri na Mbwa Nchini Uingereza

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wasomaji wetu wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, na ambao nyumbani mwao sasa yumo mbwa. Wengi wao walikulia mahali ambapo mbwa hulinda boma usiku na hufungwa mchana. Hakuna aliyewaza kumpakia garini, kupanda naye mlima, na kisha kuketi naye chini ya meza ya chakula. Huku desturi ni nyingine. Mwisho wa juma familia hutoka na mbwa wao, hutembea mashambani saa mbili au tatu, kisha hupumzika katika baa ya kijiji, ambayo wenyeji huiita pabu, na ambamo chakula na vinywaji visivyo na kilevi huuzwa sawa na bia.

Desturi hiyo imezaa biashara. Baa, mikahawa, nyumba za kulala wageni na vituo vya barabarani hubandika mlangoni maneno mawili: "Mbwa wanakaribishwa." Msomaji huyaona, hufurahi, hulipa, na mara nyingine hujuta. Madhumuni ya somo hili ni kueleza kwa nini hujuta, na namna ya kuepuka majuto hayo.

Tunalotaka likumbukwe ni hili. Maneno "mbwa wanakaribishwa" hayana kipimo cha kisheria. Kila mwenye biashara huyapa maana aitakayo. Kwa hiyo ni juu ya mlaji kuuliza maana hiyo kabla ya kutoa fedha. Tena, ukaribisho wa mwenye biashara haumwondolei mwenye mbwa wajibu wake hata kidogo. Barabarani, shambani na mezani, atakayejibu kwa matendo ya mbwa ni wewe.

Sheria tunazozitaja ni zile zinazotumika England. Wales na Scotland zina tofauti zao, na anayevuka mpaka yampasa kuulizia upya.

1. SHERIA INASEMA NINI KUHUSU MBWA KATIKA NYUMBA YA CHAKULA

Watu wengi hudhani kwamba sheria ya afya inamkataza mbwa kuingia mahali panapouzwa chakula. Sivyo. Sheria ya usafi wa vyakula inamtaka mwenye biashara kuwazuia wanyama wa kufugwa wasifike mahali chakula kinapotayarishwa, kinaposhughulikiwa au kinapohifadhiwa. Jiko na ghala, basi, ni marufuku. Ukumbi wa kulia si marufuku. Hapo uamuzi ni wa mwenye nyumba.

Kutokana na uhuru huo, maana za "mbwa wanakaribishwa" zimekuwa nyingi. Katika baa moja mbwa huruhusiwa kila chumba isipokuwa jikoni. Katika ya pili huruhusiwa upande wa vinywaji tu, na anayetaka kula hana budi kumwacha nje. Ya tatu humpokea bustanini peke yake, jambo ambalo halina neno mwezi wa Juni, lakini mwezi wa Novemba mvua ikinyesha halimsaidii mtu. Ya nne hupokea mbwa mmoja kwa kila meza, na wewe umekuja na wawili. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyosema uongo. Kila moja imesema nusu ya habari.

Wako mbwa ambao hukumu yao ni tofauti. Hao ni mbwa wasaidizi, waliofunzwa kuwaongoza vipofu au kuwahudumia watu wenye ulemavu mwingine. Chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, mwenye biashara hawezi kumkataa mtu kwa sababu tu ameandamana na mbwa wa namna hiyo, wala kumtoza zaidi kwa ajili yake, ila kwa sababu nzito na za nadra. Ukimwona mbwa mmoja ndani ya ukumbi wakati wako amekataliwa, usifanye haraka kulalamika kwamba umebaguliwa. Huenda mwenzio anamhitaji mbwa wake kama mwingine anavyohitaji fimbo.

2. MFANO WA KUJIFUNZIA

Tumetunga mfano mmoja ili somo liwe na mahali pa kusimama. Mama mmoja anaishi Leicester pamoja na mwanawe wa miaka 12 na mbwa wao. Wanataka kwenda Peak District, eneo lililotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, likiwa la kwanza la aina hiyo nchini. Wamekusudia kutembea katika njia iitwayo Monsal Trail, karibu na mji wa Bakewell, kula chakula cha mchana katika baa, kulala usiku mmoja, na kurudi nyumbani.

Uchaguzi wao wa njia ni mzuri. Monsal Trail ni njia ya reli ya zamani. Reli ilifungwa mwaka 1968, na sasa watu hupita palipopita treni, kwa urefu wa kama kilomita 13 na nusu. Njia ni tambarare kwa sehemu kubwa, hupita juu ya daraja refu la mawe na ndani ya mahandaki yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2011. Kwa kuwa imetengwa na mashamba yaliyo kando yake, mbwa hakutani na kondoo kila hatua kama katika njia nyingi za milimani. Ila hukutana na baiskeli na farasi, kwani wote wanaitumia. Ndani ya handaki mwendesha baiskeli hana nafasi ya kumkwepa mbwa aliyekatiza ghafula. Tunashauri kamba fupi muda wote wa kuwa humo.

Mama alipata nyumba ya wageni iliyoandika "mbwa wanakaribishwa", kwa bei ya pauni 120 kwa usiku mmoja. Alikuwa karibu kulipa, mwanawe akamwuliza:

"Mama, mbwa wetu atalala wapi?"

"Si wamesema wanakaribishwa, mwanangu?"

"Wamesema wanakaribishwa. Hawakusema wapi."

Mtoto aliuliza swali ambalo watu wazima wengi hulisahau. Mama akapiga simu, na akaelezwa mambo manne ambayo hayakuwamo katika tangazo: kwamba kuna ada ya pauni 15 kwa kila mbwa, kwamba mbwa hulala chumbani lakini haruhusiwi kitandani, kwamba haruhusiwi kuachwa peke yake chumbani, na kwamba haingii katika ukumbi wa kifungua kinywa. Mambo mawili ya mwisho ukiyaweka pamoja, yana maana kwamba asubuhi mama na mtoto watakula kwa zamu. Si masharti ya uonevu, lakini yampasa mtu kuyajua kabla ya kulipa, wala si saa moja na nusu asubuhi akiwa na njaa.

3. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kuuliza si ujinga. Tunapendekeza maswali haya yaulizwe kila mara:

(a) Mbwa anaruhusiwa vyumba gani hasa, na je, chakula kamili kinauzwa katika vyumba hivyo?

(b) Kuna ada? Ni kwa usiku mmoja au kwa ukaaji wote? Ni kwa kila mbwa?

(c) Kuna amana ya uharibifu au malipo ya usafi, na hutozwa kwa sababu zipi?

(d) Kuna kikomo cha idadi ya mbwa au ukubwa wao?

(e) Mbwa anaweza kuachwa peke yake chumbani, hata kwa nusu saa?

(f) Jiko la baa hufungwa saa ngapi? Baa nyingi za vijijini hufunga jiko alasiri na kulifungua tena jioni, na baadhi hazifungui kabisa siku za mwanzo wa juma.

(g) Nikighairi, nitarudishiwa kiasi gani, na hadi siku gani?

Swali la mwisho lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Wasomaji wetu wamezoea kusikia kwamba kitu kilichonunuliwa kwa simu au kwa intaneti chaweza kurudishwa ndani ya siku 14. Haki hiyo haihusu malazi yaliyowekwa kwa tarehe maalumu, wala gari la kukodi, wala karamu au burudani ya siku iliyotajwa. Hapo utafuata masharti ya mwenye biashara. Mbwa akiugua siku moja kabla ya safari, huenda fedha zote zikapotea.

Anayekodi gari na aulize pia kuhusu mbwa. Kampuni nyingi hutoza malipo ya kusafisha manyoya, na baadhi haziruhusu mnyama kabisa. Anayesafiri kwa treni ana nafuu: katika reli za taifa abiria anaweza kuchukua mbwa hadi wawili bila malipo, mradi wasikalie viti wala kuwasumbua wengine. Wapenda milima hufika kijiji cha Edale, katikati ya Peak District, kwa treni zipitazo kati ya Manchester na Sheffield.

Ukishajibiwa kwa simu, mwandikie mwenye biashara ujumbe mfupi: "Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo. Nimeelewa kwamba mbwa wangu ataruhusiwa chumbani na katika ukumbi wa vinywaji, kwa ada ya pauni 15." Hifadhi ujumbe huo. Mali bila daftari huisha bila habari, na ahadi isiyoandikwa ni mali isiyo na daftari.

4. BARABARANI

Kanuni za Barabara, katika kanuni ya 57, zinamtaka dereva kuhakikisha kwamba mbwa amefungwa au amezuiwa ipasavyo, ili asimsumbue dereva, wala asimwumize au kuumia mwenyewe gari likisimama ghafula. Mkanda wa kifuani unaounganishwa na mkanda wa usalama, kizimba, au wavu wa kutenga sehemu ya nyuma, vyote vinafaa. Kuivunja kanuni hiyo peke yake si kosa la jinai, lakini mahakama yaweza kuitumia kama ushahidi kwamba uliendesha bila uangalifu, na kampuni ya bima yaweza kuuliza maswali ambayo hutapenda kuyajibu.

Vituo vya mapumziko kando ya barabara kuu za mwendo kasi hufunguliwa saa 24, na maegesho yake ni bure kwa saa mbili za mwanzo. Baada ya hapo hutozwa, na mara nyingi kamera ndiyo inayohesabu. Vituo vingi vina mahali pa nyasi pa kumtembezea mbwa, lakini ndani ya jengo huenda asiruhusiwe. Kwa hiyo safiri na mtu mzima mwingine ikiwezekana, mpokezane kwenda msalani na kununua chakula. Asiye na mwenzake na achague vituo vyenye meza za nje.

Hapa tunalazimika kusema kwa ukali kidogo. Usimwache mbwa ndani ya gari lililofungwa katika siku yenye joto, hata kwa muda wa kununua chai. Aliyezoea jua la Mombasa au la Dodoma huliona jua la Uingereza kuwa la mzaha, na hapo ndipo hatari ilipo. Shirika la RSPCA, linalolinda wanyama, linaonya kwamba nje kukiwa na nyuzi 22 tu, joto ndani ya gari laweza kufika nyuzi 47 katika saa moja. Kuteremsha kioo kidogo hakutoshi. Mbwa hatoi jasho kama binadamu. Hupoza mwili hasa kwa kuhema, na akivuta hewa ya moto kuhema hakumsaidii. Mwenye mbwa aweza pia kushtakiwa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006.

Ukimwona mbwa wa mtu mwingine katika hali hiyo, anahema kupita kiasi, analegea au anatapika, piga 999. Usikimbilie kuvunja kioo bila kuwaarifu polisi, kwa maana kuharibu mali ya mtu kwaweza kuwa kosa usipoweza kuonyesha sababu ya haki.

5. MASHAMBANI NA MILIMANI

Kabla ya kutoka nyumbani, mwenye mbwa ahakikishe mambo mawili. Kwanza, mbwa awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Hilo ni la lazima tangu tarehe 6 Aprili 2016 kwa kila mbwa aliyefikisha majuma 8, na namba yako ya simu katika kumbukumbu hizo iwe ile unayoitumia sasa. Pili, awapo mahali pa umma avae ukanda wa shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe. Chipu haiondoi sharti hilo, na ukanda hauondoi sharti la chipu.

Katika njia za miguu za umma sheria haisemi kwamba kamba ni lazima kila mahali, bali mbwa awe chini ya udhibiti wako. Lakini katika nyanda zilizofunguliwa kwa matembezi huru kwa sheria ya mwaka 2000, kama zile zinazouzunguka mlima Kinder Scout, kamba isiyozidi mita 2 ni ya lazima kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai. Ni majira ambayo ndege wanaotaga ardhini wamelalia mayai au wana makinda. Na karibu na mifugo, kamba hiyo ni ya lazima mwaka mzima. Zipo pia sehemu za nyanda hizo ambazo mbwa hawaruhusiwi kabisa. Soma kibao kilicho langoni.

Kuhusu kondoo tunaomba msomaji atusikilize kwa makini. Mbwa si lazima aume ndipo alete hasara. Kondoo mwenye mimba akifukuzwa aweza kuharibu mimba, na kundi likisukumana kwenye kona ya ukuta wa mawe laweza kukanyagana hadi kufa. Kwa mkulima hiyo ni kazi ya mwaka mzima iliyopotea kwa dakika tano. Sheria ya mwaka 1953 ya kulinda mifugo inamtia hatiani mwenye mbwa anayewasumbua mifugo katika ardhi ya kilimo. Hata kumwachia huru katika shamba lenye kondoo, bila kamba wala udhibiti wa karibu, kwaweza kuhesabiwa kuwa ni kuwasumbua. Na katika hali fulani sheria inampa mkulima kinga akimpiga risasi mbwa anayeshambulia mifugo yake. Msomaji aliyetoka katika jamii ya wafugaji hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua mwenye ng'ombe angefanya nini kwao.

Ng'ombe wana hukumu yao. Wenye ndama humwona mbwa kuwa adui, na huweza kumfuata hadi kwa aliyemshika. Pita mbali nao, pole pole, mbwa akiwa kwenye kamba. Lakini wakianza kukukimbiza, mwachie mbwa kamba. Yeye ana mbio za kutosha kujiokoa. Wewe huna, na wanaokufuata wanamtaka yeye. Huo ndio ushauri rasmi wa Kanuni za Mashambani, na umeokoa watu.

Kinyesi cha mbwa kiokotwe kwa mfuko, na mfuko utiwe katika pipa lolote la taka la umma. Usipoliona pipa, rudi nao nyumbani. Kuuning'iniza juu ya mti si kuuondoa. Halmashauri zina mamlaka ya kutoa amri za kulinda maeneo ya umma, ambazo huweza kukataza mbwa katika viwanja vya watoto, kulazimisha kamba, au kuweka kikomo cha idadi ya mbwa. Anayevunja amri hiyo hutozwa faini ya papo hapo, na kesi ikifika mahakamani yaweza kufika pauni 1,000. Kwa amri za namna hiyo, fukwe nyingi hufungwa kwa mbwa kuanzia Mei hadi Septemba. Anayetaka kwenda pwani na atazame kwanza tangazo la halmashauri ya huko.

Wakati wa kiangazi, jihadhari na maziwa na mabwawa yenye utando wa kijani-buluu juu ya maji. Utando huo waweza kuwa na sumu inayoua mbwa kwa muda mfupi. Na mrudipo, mpapase mbwa masikioni, shingoni na makwapani mkitafuta kupe.

6. NDANI YA BAA

Mbwa aliyetoka matembezini huwa na matope, kiu na uchovu. Mfute kwa taulo kabla ya kuingia, omba bakuli la maji, na umlaze chini ya meza mbali na njia ya wahudumu wanaobeba sahani za moto. Kamba ishikwe mkononi au ikaliwe, wala isifungwe kwenye mguu wa meza nyepesi, kwani mbwa akishtuka ataondoka na meza na vyote vilivyo juu yake.

Usimlishe makombo ovyo. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, na utamu bandia uitwao xylitol, ambao hutiwa katika baadhi ya peremende na keki, vyote ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa hupasuka na kuchoma matumbo. Waonye watoto, na uwaonye pia wageni wakarimu wa meza ya jirani.

Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991 hutumika kila mahali, hata ndani ya nyumba na bustani za watu binafsi. Kosa halingoji mtu aumwe. Inatosha kwamba mbwa hakudhibitiwa, na mtu akawa na sababu ya haki ya kuogopa kuumizwa. Adhabu yaweza kuwa faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miezi sita, na mtu akijeruhiwa kifungo hufika miaka mitano. Mbwa wa aina ya XL Bully hawaruhusiwi kumilikiwa bila cheti cha msamaha tangu tarehe 1 Februari 2024, na hata mwenye cheti hana budi kumvisha mbwa kifuniko cha mdomo na kumfunga kamba kila awapo mahali pa umma.

Tukumbuke vilevile wale wasiotaka mbwa karibu nao. Wako wanaoogopa kwa sababu waliwahi kuumwa, wako wenye mzio, na wako ambao dini yao inawataka kujitwaharisha wakiguswa na mate ya mbwa. Wengi wa wasomaji wetu, au wazazi wao, wamo katika kundi hilo la mwisho, na hakuna haja ya kuona haya. Msomaji asiye na mbwa ana haki ileile ya kuuliza kabla ya kulipa: "Je, kuna ukumbi ambamo mbwa hawaingii?" Na mwenye mbwa asiseme "hana neno, hamfanyi mtu kitu," kwa maana jirani hakuuliza habari za tabia ya mbwa. Aliomba nafasi tu. Mvute mbwa karibu nawe, na kikao kiendelee kwa amani.

7. MAMBO YAKIENDA KINYUME

Turudi kwa mama wa Leicester. Tuseme amefika, na aliyeko mapokezi anamwambia kwamba sheria ya nyumba imebadilika: mbwa atalala garini. Afanye nini?

Asimlaze mbwa garini. Aonyeshe ule ujumbe alioutunza. Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inasema kwamba jambo ambalo mfanyabiashara amemweleza mlaji kuhusu huduma, kwa maandishi au kwa mdomo, na mlaji akalitegemea katika kuamua, huwa ni sehemu ya mkataba. Nyumba ikishindwa kulitimiza, mlaji anaweza kudai huduma itolewe kama ilivyoahidiwa. Na hilo lisipowezekana, apunguziwe bei kwa kiasi kinachostahili, ambacho chaweza kufikia bei yote.

Madai yafanywe kwa utaratibu huu. Kwanza, zungumza na msimamizi kwa upole, papo hapo, na uandike jina la cheo chake na saa. Pili, wakikataa, piga picha ya tangazo lao na utunze risiti zote, pamoja na ya malazi mengine utakayolazimika kutafuta. Tatu, ukirudi nyumbani andika barua fupi ya malalamiko, ueleze kilichoahidiwa, kilichotokea, na kiasi unachodai, na uwape siku 14 za kujibu. Nne, kama ulilipa kwa kadi ya mkopo moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na bei ilizidi pauni 100 bila kupita 30,000, unaweza kuidai benki iliyotoa kadi, kwa kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974. Benki hubeba jukumu pamoja na muuzaji. Tano, ukikwama, ofisi za Citizens Advice hutoa ushauri bila malipo.

Kama mama hakuuliza neno, na tangazo lilisema tu "mbwa wanakaribishwa", hayuko bila haki, lakini njia yake ni ndefu zaidi. Itambidi athibitishe kwamba mtu wa kawaida angeyaelewa maneno hayo kuwa na maana ya kulala chumbani. Simu ya dakika tatu ingemwondolea mzigo huo wote.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

Swali la 1. Baa imekataa mbwa wako kuingia ukumbi wa kulia ingawa imebandika "mbwa wanakaribishwa". Je, imevunja sheria?
Jibu. Kwa kawaida hapana. Uamuzi ni wa mwenye nyumba, isipokuwa kwa mbwa msaidizi, au kama uliahidiwa ukumbi huo ulipoweka nafasi.

Swali la 2. Umelipia chumba kwa intaneti kwa tarehe maalumu, na siku ya tatu umebadili nia. Je, una siku 14 za kughairi?
Jibu. Hapana. Malazi ya tarehe maalumu hayamo katika haki hiyo. Soma masharti ya nyumba.

Swali la 3. Ni mwezi wa Mei, uko katika nyanda za matembezi huru, na huoni mfugo wowote. Je, waweza kumfungua mbwa?
Jibu. Hapana. Kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai kamba isiyozidi mita 2 ni ya lazima hata pasipo mifugo.

Swali la 4. Ng'ombe wanakukimbiza, nawe umemshika mbwa. Ufanye nini?
Jibu. Mwachie kamba, kisha jiokoe.

Swali la 5. Nje kuna baridi kidogo na jua, nawe wataka kuingia dukani kwa muda mfupi. Je, mbwa abaki garini?
Jibu. Jua likiwaka juu ya gari usijaribu. Abaki na mtu nje, au mwende naye, au duka lingoje.

Tunamtakia msomaji safari njema. Kabla ya safari ijayo, chukua karatasi, uandike maswali saba ya sehemu ya 3, na upige simu. Kisha fungasheni taulo, maji, mifuko na kamba fupi, mkatembee.